Kijiko Kimoja Katika Damu: Kipimo cha Sukari cha Asubuhi na Maisha ya Njia Panda ya Segera

Segera haina saa maalumu ya kulala. Ipo katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga, jirani kabisa na Korogwe, mahali ambapo barabara kuu inayotoka Chalinze hukutana na ile inayotoka Tanga kuelekea Korogwe, Moshi na Arusha. Mabasi na malori hupita usiku na mchana, na tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, hata zile saa chache za utulivu zimepungua. Mama lishe huwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri. Dereva wa lori hula wali saa 8 usiku, utingo wake hunywa soda saa 10 alfajiri, na bodaboda aliyekesha kijiweni humaliza chapati mbili kwa chai ya maziwa kabla jua halijachomoza.

Mahali pa namna hiyo, swali dogo ambalo mhudumu wa afya hulazimika kuuliza kabla ya kutoboa kidole, yaani mteja amekula saa ngapi kwa mara ya mwisho, huwa gumu kujibika kuliko linavyoonekana. Hata hivyo, ndilo swali linalobeba maana ya kipimo kizima. Tarakimu inayosomeka kwenye mashine ya kupimia sukari haina tafsiri yoyote ya uhakika ikiwa haijulikani tumbo lilikuwa katika hali gani.

Chukulia watu wawili waliopimwa katika banda moja asubuhi moja. Wa kwanza amesoma 8.2, wa pili 6.6. Wa kwanza ametoka kunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na vitumbua vinne nusu saa iliyopita, na wa pili hajatia kitu kinywani tangu saa 2 usiku. Wa kwanza huondoka na hofu na wa pili huondoka akishukuru. Kwa kweli, anayepaswa kurudi kituoni kwa ufuatiliaji wa karibu ni yule wa pili. Sukari ya wa kwanza ilikuwa ikipanda baada ya mlo, jambo ambalo mwili wenye afya hulifanya kila siku na kulirekebisha ndani ya saa mbili au tatu. Ya wa pili imebaki juu wakati ambapo haikuwa na sababu ya kuwa juu.

Ili kuelewa kwa nini kipimo cha asubuhi kabla ya kula kina uzito huo, ni vyema kuanza na kiasi chenyewe. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Sukari yake inapokuwa milimoli 5 kwa lita, kiwango cha kawaida cha asubuhi, sukari yote inayozunguka katika damu hiyo ni kama gramu 4.5, kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai. Inapofika milimoli 7 kwa lita, kiwango ambacho kitaalamu huitwa kisukari, ni kama gramu 6.3. Tofauti kati ya mtu mwenye afya na mgonjwa haifiki nusu kijiko. Mwili unaoweza kupokea sahani nzima ya ugali, ambao wanga wake huishia kuwa sukari, na bado ukaibakiza damu katika kijiko hicho kimoja, unafanya kazi ya usahihi mkubwa mno. Kipimo cha asubuhi hukagua kama kazi hiyo bado inafanyika.

Wengi wanaoambiwa kwamba sukari yao ya asubuhi imepanda hushangaa, tena kwa haki: mtu alilala na njaa, sukari imetoka wapi? Jibu ni ini. Kama kaya za Handeni zinavyohifadhi mahindi ya kula miezi ya kiangazi, ndivyo ini linavyoweka akiba ya sukari, takriban gramu 100 kwa mtu mzima, na kuitoa kidogo kidogo usiku ili ubongo usikose chakula wakati mwenyewe amelala. Ufunguo wa ghala hilo umeshikwa na insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Insulini ikitosha na ini likiisikia, mlango hufunguliwa kwa kiasi tu. Insulini ikipungua, au ini na misuli vikiwa sugu kwake, mlango hubaki wazi na sukari humwagika katika damu usiku kucha ingawa haihitajiki.

Kuna jambo la pili. Kuanzia karibu saa 9 usiku hadi asubuhi, mwili hutoa homoni za kuuamsha, ikiwemo kotisoli, na homoni hizo hulisukuma ini kuachia sukari zaidi. Kwa mwenye afya kongosho hujibu na mambo husawazika. Kwa mwenye usugu wa insulini, sukari hupanda alfajiri hata bila kula. Ndiyo maana wapo wagonjwa ambao sukari yao ya asubuhi huwa juu kuliko ya jioni, wakadhani mashine imeharibika au wameibiwa dawa.

Viwango vyenyewe si vingi na vinafaa kukaririwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu aliyekaa bila kula kwa saa 8 au zaidi ikiwa chini ya milimoli 6.1 kwa lita huhesabiwa kuwa ya kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni hali ya kati: mtu hajawa mgonjwa wa kisukari, lakini udhibiti wa sukari umeanza kulegea. Kuanzia 7.0 na kuendelea ni kisukari, endapo kipimo kitathibitishwa. Chama cha Kisukari cha Marekani kimekuwa na msimamo mkali zaidi tangu mwaka 2003, kwani huihesabu hali ya kati kuanzia 5.6. Kwa upande wa chini, sukari iliyoshuka chini ya 3.9 ni dalili ya hatari, hasa kwa anayetumia dawa. Baadhi ya mashine husoma kwa miligramu kwa desilita, na mtu anayeona 126 asidhani ni maajabu: akigawanya kwa 18 atapata 7.0 ileile.

Kwa mama mjamzito viwango hivyo havitumiki. Kwake, sukari ya asubuhi kuanzia 5.1 hadi 6.9 tayari ni kisukari cha ujauzito kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kwa sababu sukari ya mama hupita moja kwa moja kwenda kwa mtoto na kumnenepesha tumboni, hali inayoweza kuleta uzazi mgumu. Mjamzito anayeambiwa kwa maneno ya mtaani kwamba 5.8 ni sawa kwa sababu jirani yake ana 5.8, anapotoshwa.

Kipimo kina kasoro zake pia, na baadhi zinaigusa Segera kwa namna ya pekee. Hapa ni ukanda wa machungwa. Kutoka Michungwani hadi Muheza, matunda hayo hupangwa kando ya barabara kwa mafungu, na abiria hula yakiwa yamemenywa tayari au humenya wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mtu aliyemenya tunda kisha akapimwa kidole bila kunawa, mashine husoma sukari ya juu isiyo yake, kwa sababu inapima maji ya tunda yaliyobaki kwenye ngozi. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba kupangusa kidole kwa pamba yenye spiriti hakukutosha kuondoa kosa hilo. Kunawa kwa maji ya bomba kuliondoa. Katika mabanda mengi ya upimaji wa wazi, pamba ya spiriti ipo na ndoo ya maji haipo. Ndoo ni kitu cha bei ndogo, lakini inaweza kumwokoa mtu na hofu ya bure, au na dawa asiyoihitaji.

Joto na unyevu wa ukanda huu huharibu stripu za kupimia zikiachwa wazi nje ya kichupa chake au zikikaa ndani ya gari juani. Kadhalika, mashine ndogo za mkononi hazikuundwa kuwa za mwisho katika kutoa hukumu. Kiwango cha kimataifa kinaziruhusu kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15 katika sukari ya 5.6 na zaidi. Maana yake, mtu ambaye maabara ingemsoma 6.4 anaweza kusomwa 7.2 na mashine ya kidole bila mashine hiyo kuwa mbovu. Ndiyo sababu ya utaratibu wa kurudia kipimo siku nyingine, au kuchukua damu ya mshipa na kuipeleka maabara, kabla ya kumwandikia mtu asiye na dalili kwamba ana kisukari. Mwenye dalili za wazi, yaani kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, ambaye sukari yake ya wakati wowote ni 11.1 au zaidi, hasubiri kurudiwa.

Upo pia ugonjwa mwingine unaoingilia kati. Mtu mwenye homa kali, maambukizi au kidonda kibichi hupandisha sukari kwa muda kutokana na msukosuko wa mwili. Kwa upande mwingine, malaria kali na dawa ya kwinini vinaweza kuishusha sana. Kumpima mgonjwa wa homa na kumhukumu kwa kipimo hicho ni kuharakisha.

Katika nchi zenye uwezo mkubwa, hospitali hutegemea zaidi kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3 iliyopita, kwa kuangalia kiasi cha sukari kilichonasa kwenye chembe nyekundu za damu. Hakihitaji kufunga, na kwa dereva wa masafa marefu kingekuwa mkombozi. Lakini kina gharama kubwa kuliko kipimo cha kidole, na hutegemea chembe nyekundu zilizo imara. Mahali ambapo selimundu, upungufu wa damu na malaria ni vya kawaida, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanga, majibu yake yanaweza kupotosha. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi kabla ya kula bado kina nafasi ya kwanza hapa nchini, na si kwa sababu ya umaskini pekee.

Ugonjwa wenyewe haukuwa hivi miaka 40 iliyopita. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kati ya watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazikufanana kwa mbinu wala kwa watu waliopimwa, na si haki kuziweka pamoja kana kwamba ni mizani moja. Hata hivyo, hakuna mbinu ya kitakwimu inayoweza kulielezea pengo hilo lote. Kitu kimebadilika.

Ukanda wa Korogwe unatoa kielelezo kizuri cha mabadiliko hayo. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa vizazi kadhaa mashamba yake yalikuwa mwajiri mkuu kuanzia pwani hadi Hale na Korogwe. Mkata mkonge alitembea, aliinama, alikata na kubeba matita juani tangu alfajiri. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na yenye ujira mdogo, na hakuna anayepaswa kuitamani irudi kwa ajili ya afya. Ila misuli inayofanya kazi ni mteja mkubwa wa sukari, na huichukua hata insulini inapokuwa chache. Mjukuu wa mkata mkonge leo ni dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki saa 12 kwa siku, akila chakula kilekile cha babu yake kwa wingi uleule, pamoja na soda mbili ambazo babu hakuwa nazo. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari, mara nane ya ile inayozunguka katika damu yake yote.

Usingizi nao umo katika hesabu. Kukesha na kulala mchana kwa vipande huongeza usugu wa insulini, na hili limethibitishwa mara nyingi kwa wafanyakazi wa zamu. Uchumi wa saa 24 ni neema kwa Segera, na mama lishe anayeuza usiku anasomesha watoto kwa mauzo hayo. Bado mwili wake unalipa sehemu ya gharama, na hakuna mahali gharama hiyo inapoandikwa.

Ile hali ya kati, kuanzia 6.1 hadi 6.9, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi, kwa kuwa haina dalili na hivyo hupuuzwa. Mtu hasikii chochote. Akiambiwa, huambiwa kwa maneno mepesi kwamba sukari iko juu kidogo na apunguze vitu vitamu, kisha jina lake haliandikwi popote. Lakini hapo ndipo kinga inapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuatilia watu waliokuwa katika ukingo huo. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Utafiti wa Finland uliotangulia mwaka mmoja ulikuta asilimia 58 hiyohiyo kwa njia ya maisha. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo zisizofika 6. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5.

Kwa mazingira ya Handeni na Korogwe, ushauri wa chakula hauna haja ya kuagizwa kutoka nje. Ugali si adui, isipokuwa kiasi chake na unga wake. Sembe iliyokobolewa hugeuka sukari haraka kuliko dona, ambayo imebakiwa na pumba na kiini. Sahani inayofaa ni ile ambayo nusu yake ni mboga za majani, robo ni ugali, wali au muhogo, na robo ni maharage, kunde, samaki, dagaa au nyama. Katika vibanda vingi hali ni kinyume: ugali hujaza sahani na mchicha ni pambo pembeni. Mama lishe anayegeuza mpangilio huo anafanya kazi ya afya ya jamii hata kama hajawahi kuingia semina. Chungwa lililoliwa zima na nyama zake lina nyuzi zinazochelewesha sukari, ilhali machungwa manne yaliyokamuliwa katika bilauri moja ni sukari iliyoondolewa breki. Asali ya Handeni ni nzuri na ina soko, ila kwenye damu ni sukari kama nyingine, na kuiita ya asili hakubadilishi chochote.

Mlo wa usiku ndio unaoonekana zaidi kwenye kipimo cha asubuhi. Anayekula sahani kubwa saa 5 usiku na kulala papo hapo huamka na tarakimu ya juu kuliko anayekula kiasi saa 1 jioni na kutembea kidogo hadi kwa jirani na kurudi. Wapo walioshusha sukari ya asubuhi kwa badiliko hilo pekee, ingawa si wote, na anayetumia dawa asilifanye bila kushauriana na mhudumu, kwani kupunguza mlo huku dozi ikibaki ileile kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Hapa inafaa kuzungumzia mchunga. Watu wa Tanga huupenda mboga hii chungu, na ipo imani iliyoenea kwamba uchungu huua sukari. Mlonge, mshubiri na magome ya aina mbalimbali huuzwa kwa hoja hiyohiyo. Mchunga kama mboga ni chakula chema na hauna sababu ya kuachwa. Tatizo huanza pale mgonjwa anapoacha vidonge akautegemea. Dharau dhidi ya mitishamba nayo haisaidii, kwa kuwa metfomini, dawa inayotumika zaidi duniani kwa kisukari cha ukubwani, chimbuko lake ni mmea uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Kilichoutofautisha ni kwamba kiini chake kilichunguzwa, kikaboreshwa, kikajulikana dozi na madhara yake, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Anayeuza magome sokoni hawezi kusema gramu ngapi zinashusha milimoli ngapi, na mgonjwa hulipia kutojua huko kwa macho, figo au mguu.

Mguu si neno la kutisha tu. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mkulima anayetembea shambani kwa kandambili hukanyaga mwiba na asisikie, kidonda hakiponi, na anapofikishwa Hospitali ya Magunga Korogwe au Bombo jijini Tanga huenda mjadala umebaki kuwa mguu ukatwe wapi. Kisukari pia humweka mtu katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mwingine. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watu wazima wanaoishi na kisukari katika kanda ya Afrika hawajui kwamba wanacho. Wengi wa hao wangegunduliwa mapema kwa kipimo cha asubuhi moja.

Upo upande wa pili wa hatari ambao barabara kuu hauwezi kuupuuza. Dereva anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi, vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, akiruka mlo kwa sababu ya foleni au mzigo wa haraka, sukari yake inaweza kushuka chini ya 3.9. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na usukani uko mikononi mwake. Dereva huyo hapaswi kuficha hali yake kwa kuogopa kupoteza kazi, na mwajiri hapaswi kumpa sababu ya kuificha. Anachohitaji ni kupima kabla ya kuondoka, kuwa na kitu chenye sukari karibu na kiti, na kusimama mara dalili zinapoanza.

Mwezi wa Ramadhani huleta suala hilohilo kwa waumini wengi wa ukanda huu. Wagonjwa wanaodhibitiwa kwa chakula au kwa metfomini pekee mara nyingi huweza kufunga kwa ushauri wa daktari. Wanaotumia insulini, wajawazito wenye kisukari na wenye figo dhaifu wako katika hatari kubwa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakubatilishi funga, kwa maelezo ya wanazuoni wengi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 mchana, kufungulia hapohapo ndiko kuokoa maisha. Futari ya kaimati, tambi za sukari na uji mtamu kwa mpigo mmoja huirusha sukari usiku, na kipimo cha siku inayofuata hulieleza hilo bila kificho.

Serikali imeweka misingi kadhaa. Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza ulizinduliwa Novemba 2019. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nayo inamgusa moja kwa moja mgonjwa wa kisukari, kwani huyu hahitaji matibabu makubwa ya mara moja bali dawa na vipimo vya kila mwezi maisha yake yote, gharama ambayo mfuko wa kaya ya mkulima hauihimili. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaofika hadi kitongojini.

Kilichobaki ni jambo la utekelezaji, na kwa Segera jambo hilo lina saa yake. Mabanda ya upimaji wa bure kwa kawaida hufunguliwa saa 3 au saa 4 asubuhi, baada ya hotuba na baada ya watu wote kunywa chai. Majibu yanayopatikana hapo humgundua yule ambaye sukari yake imepanda kupita kiasi, na humpita yule wa 6.5 ambaye bado anaweza kusaidiwa bila dawa. Upimaji ukitangazwa siku moja kabla, wananchi wakaelezwa wale mara ya mwisho saa 3 usiku na kunywa maji matupu tu, na meza ikafunguliwa saa 12 asubuhi kabla vibanda havijachangamka, zinapatikana saa 9 kamili za kukaa bila kula. Madereva na wauzaji wa usiku, ambao hawana usiku wa kulala, wapangiwe kwa kuhesabu saa 8 tangu mlo wao wa mwisho, hata kama zamu yao ya kupima itaangukia saa 10 jioni. Ingawa homoni za alfajiri hazitakuwa sawa na za mchana, kipimo hicho kina maana kuliko kilichochukuliwa baada ya chipsi.

Gharama ya mpango huo ni ndogo. Meza, mashine, stripu zilizohifadhiwa kivulini, ndoo ya maji na sabuni, na daftari lenye safu moja ya ziada mbele ya jina na tarakimu, ambamo mhudumu ataandika saa ya mlo wa mwisho.